Mahali Alipolazwa Elspa

Kila mwaka, kabla namba zake hazijavuka bahari kwenda kusomwa na wataalamu wa ng'ambo, Durita huzipeleka kwanza Klaksvík, kwenye ukumbi wa wavuvi, akawasomea manahodha. Hakuna sheria inayomlazimisha. Ni ahadi tu, na katika visiwa vidogo kama hivi ahadi ina nguvu kuliko sheria, maana sheria hukutani nayo dukani ukinunua maziwa, lakini uliyemwahidi utakutana naye. Miaka ishirini na saba iliyopita, akiwa bado msichana mwenye cheti kipya na buti mpya, aliwaomba wenye meli wamwachie viduara vitatu vya bahari kaskazini ya visiwa, wasikokote nyavu humo. Walinung'unika, wakanywa kahawa yake yote, kisha wakakubali kwa sharti moja: chochote utakachokipata humo, sisi ndio tukisikie kwanza.

Basi Septemba hii alisimama tena mbele yao, manahodha kumi na wanne, kahawa mezani na keki ya jamu. Nywele zake zilikwisha kuwa na mvi na buti zilikwisha kubadilishwa mara nyingi, lakini bado aliwamiminia kahawa mwenyewe kama siku ile ya kwanza. Alikuwa na habari kubwa, na alikuwa ameibana kifuani wiki tatu nzima.

Nyuma ya visiwa unapita mkondo wa maji vuguvugu kutoka Atlantiki, unakwenda zake hadi kwenye bahari za barafu. Kujua mkondo huo unabeba joto kiasi gani ndiyo kazi ya Durita, na ni kazi ya kumkatisha mtu tamaa. Mkondo hauna kingo. Leo umepanuka, kesho umesinyaa, na chini yake yamelala maji baridi yanayorudi kutoka huko huko kwenye barafu. Mpaka kati ya maji hayo mawili umeegemea mteremko wa sakafu ya bahari: ukipanda mteremko kidogo uko kwenye uvuguvugu, ukishuka kidogo uko kwenye baridi. Kwa bahari yote hiyo, Durita ana vyombo vitatu. Hawezi kuvining'iniza kwenye kamba na maboya kama wafanyavyo wengine, kwa sababu nyavu zingevizoa vyote ndani ya mwezi. Kwa hiyo kila chombo kimefungwa ndani ya fremu ya chuma, fupi na pana kama sufuria iliyofudikizwa, ikae chini mwaka mzima na nyavu ziteleze juu yake. Chombo kinapima mwendo wa maji kwa sauti, kinapima joto na kina, basi. Ni kama mtu anayetaka kujua chumvi ya mchuzi wa karamu nzima kwa kuonja vijiko vitatu.

Fremu hizo amezipa majina ya wanawake, kayapaka kwa rangi nyekundu juu ya njano. Ya magharibi ni Marin, ya mashariki ni Sigga. Ya katikati, ile inayokaa mpakani penyewe, ni Elspa, jina la marehemu mama yake.

"Safari hii habari kaileta Elspa," aliwaambia manahodha, akawaonyesha mchoro ukutani. Mstari ulikwenda ukiyumbayumba kama kawaida, kisha mwezi Oktoba wa mwaka jana ukaruka juu na kubaki huko huko hadi Juni, chombo kilipotolewa majini. Joto limepanda kwa nukta nane za digrii, akasema. Karibu digrii nzima.

Watu wale hawahitaji kuelezwa maana ya digrii moja. Wanajua samaki yupi atahama, yupi atakuja asikokuwa, na ni mjukuu gani ambaye huenda asikanyage kamwe meli ya uvuvi.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Sámal, mtu wa miaka sitini na kitu, ambaye akinyamaza dakika tano watu humuuliza kama anaumwa. "Sasa daktari," akasema, "tung'oe viazi tupande ndizi, ama tusubiri kidogo?"

"Subiri mkeo aanze kuoga baharini Januari, Sámal. Ndipo upande ndizi."

Wakacheka, na kicheko kikawapunguzia uzito. Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na makoti. Ilikuwa ya Hanus wa Eiði, nahodha wa miaka sabini na mmoja, kaka wa marehemu Elspa. Ni mjomba wake Durita, na ndiye aliyemfundisha kufunga fundo la kwanza maishani mwake.

"Maji yalipanda joto siku gani?"

"Tarehe kumi na mbili Oktoba, mjomba. Saa tisa alasiri."

"Siku moja tu?"

"Ndani ya saa mbili. Kama mtu kafungua mlango."

Hanus akaitazama sahani yake. Kikao kilipokwisha na watu wakaja kumpa Durita mkono, alimtafuta mjomba wake asimwone. Kiti kilikuwa kitupu na keki iko vilevile. Hanus, anayejulikana visiwa vyote kumi na vinane kwa kula keki yake na ya jirani, aliondoka bila kuigusa, na Durita kwa furaha aliyokuwa nayo hakulitia hilo akilini.

Na furaha yake ilikuwa na sababu. Baada ya siku kumi kulikuwa na kikao Bergen, mji wa wataalamu wale wa ng'ambo, na kikao hicho ndicho kingeamua kama vipimo vya kaskazini ya visiwa viendelee au vikunjiwe jamvi. Kwa miaka mingi wataalamu wa huko walimlalamikia kwamba namba zake zinarukaruka. Mwaka 2004 joto lilipanda bila sababu, mwaka 2011 likashuka bila sababu, naye hakuweza kueleza kwa nini. Asiyeweza kueleza namba zake mwenyewe, walisema kwa adabu zao zote, nani atazitumia? Setilaiti zinatosha. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa na namba kubwa, iliyotulia, isiyoweza kupuuzwa. Mkuu wake kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, Eyðálvur, alipoambiwa kesho yake alimkumbatia mara mbili ofisini, mtu ambaye hata Krismasi hupeana mikono tu.

Siku ya tatu, Ijumaa, Billa alimpigia simu. Billa ni mke wa Hanus, mwanamke asiyepoteza maneno. Alisema mjomba wako hali vizuri, hazungumzi, tangu juzi yuko kwenye kibanda cha nyama anasugua mbao ambazo amekwisha kuzisugua. "Njoo," akasema, "kabla hajazimaliza mbao zote."

Durita alifika Eiði kesho yake adhuhuri. Kibanda cha kukaushia nyama kilikuwa kitupu, kinasubiri kondoo wa Oktoba, na upepo ulikuwa unapita katikati ya mbao ukipiga mluzi. Hanus alikuwa amepiga magoti na brashi mkononi. Hakusimama. Alimwambia akalie ndoo, naye akakaa, na kwa muda mrefu walizungumzia mambo ya kondoo. Kondoo walipokwisha, Hanus akaweka brashi chini.

"Tarehe kumi na mbili Oktoba nilikuwa huko," akasema.

Durita alielewa huko ni wapi: kwenye kiduara cha Elspa.

"Ile skrini ya ramani ilikufa asubuhi. Waya uliungua. Vijana wakasema turudi bandarini. Nikawaambia baba yangu hakuwa na skrini na alitulisha tisa." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nikavua kwa milima. Siku ilikuwa nyeupe, milima yote iko wazi. Unakijua kilele cha Slættaratindur, na ule upenyo wa mwanga kati ya visiwa vya Viðoy na Fugloy. Alama za baba: zikipangana sawa machoni, unajua uko wapi. Kwa alama hizo sijawahi kukosea samaki."

Hakukosea samaki siku hiyo pia. Tatizo ni kwamba kiduara cha Durita kimechorwa kwenye skrini, na hakuna mlima unaokijua. Wavu ulikwama, ukavutwa, ukaja na kitu kizito kuliko samaki.

"Nikaona njano. Halafu nikaona jina." Akalamba midomo. "Mwanangu, dada yangu alipanda kwenye wavu wangu."

"Ungepiga simu, mjomba. Namba imeandikwa ubavuni, kubwa hivi."

"Nipige niseme nini? Hanus wa Eiði kapotea akiwa anaitazama milima ya kwao? Bandari nzima ingenitia mdomoni hadi Pasaka. Vijana tayari wananitazama ninavyopanda ngazi." Akatikisa kichwa. "Nikamrudisha. Mahali pale pale. Nilisubiri alama zote mbili zikae sawa, nikamshusha kwa winchi pole pole, miguu ya fremu ikatangulia. Sikumtupa. Vijana nikawaambia wafunge midomo. Mwaka mzima nimelala usingizi wangu nikijua Elspa yuko mahali pake, hadi juzi ulipotaja siku na saa."

Durita alikuwa mtu wa hasira za haraka, tena alizirithi upande huu huu wa ukoo, na maneno yalimjaa mdomoni. Alitaka kumwambia kwamba alikuwa anakwenda Bergen kusimama mbele ya watu mia mbili. Alitaka kumwambia kwamba angejifedhehesha mbele ya dunia nzima kwa ajili ya kiburi cha mzee mmoja na milima yake. Badala yake aliomba daftari, maana alijua lipo. Kila nahodha wa visiwa hivi ana daftari la alama, na hakuna anayemwonyesha mwenzake. Hanus alilitoa mfuko wa ndani wa koti, akampa kama mtoto anayetoa kitu alichokiiba. Palikuwa na tarehe, saa, michoro miwili midogo ya milima kwa penseli, na chini yake neno moja: Elspa.

Alilisomea ndani ya gari, mbele ya kanisa, injini imezimwa. Na hapo hasira ikamgeukia mwenyewe.

Kwa sababu aliona. Siku ile ya kumi na mbili vipimo sita mfululizo vilikuwa vya ajabu, havina maana yoyote, na yeye aliandika pembeni, "wavu umepita juu," akavifuta. Kipimio cha kina kiliingia maji ya chumvi wiki ya tatu tu kikafa, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba Elspa amebadili kina. Mwezi Juni, walipokwenda kumtoa kwenye ukungu mzito, fremu, ilipoitwa kwa ishara ya sauti ielee juu, iliibukia mbali na ilipotegemewa, wakaitafuta kwa saa tatu, na yeye akasema mkondo umeisukuma ikiwa inapanda. Kila dalili aliipa udhuru wake. Vijana wa taasisi wangemletea udhuru kama huo angewarudisha mezani. Lakini alitaka iwe kweli. Miaka ishirini na saba ya kusikilizwa nusu sikio, akapata namba moja ya kuwafanya watu wageuze vichwa, nani angeichokonoa?

Na shetani hakuwa mbali. Wanaojua ni wawili, alimwambia, na mabaharia wachache waliokwisha kuambiwa wafunge midomo. Mjomba alipomsindikiza hadi garini alimwambia, "Ukisema ninyamaze, nitanyamaza. Ukisema nisimame, nitasimama." Angeweza kwenda Bergen, akapata miaka mitano mingine ya vipimo, na ndani ya miaka hiyo ukweli ungejisawazisha wenyewe kimyakimya. Durita aliyafikiria hayo, tena kwa makini. Sitamficha. Kisha alishuka garini, akarudi mlangoni kwa Billa, akamwambia mjomba wake kwamba Jumatatu, hali ya hewa ikiruhusu, watatoka wote wawili.

Jumatatu ilikuwa nyeupe kama siku ile. Walikwenda na meli ya Hanus na baharia mmoja tu wa injini. Ile skrini, mpya sasa, Hanus aliifunika kwa sweta lake bila kuambiwa. Durita alikuwa na kifaa chake cha setilaiti mfukoni, kimewashwa, na hakumwonyesha. Walipanda kaskazini hadi visiwa vikawa vichwa tu juu ya upeo, na mzee akasimama usukanini akigeuza shingo kushoto na kulia, jicho moja limefumbwa, midomo ikitembea. Alikuwa mzuri kumtazama. Durita hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Hapa," Hanus akasema, akapunguza injini.

Durita alitazama kifaa. Walikuwa maili moja na nusu kusini ya mahali pa Elspa, upande wa juu wa mteremko, na kina kilikuwa pungufu kwa mita sitini na mbili. Alishusha kipimajoto kwa waya hadi chini, akakipandisha, akaandika. Kisha akamwomba mjomba aondoe sweta kwenye skrini na kumpeleka mahali penyewe, akashusha tena.

Tofauti ilikuwa nukta nane kasoro kidogo. Hapakuwa na haja ya hesabu zaidi. Bahari haikupanda joto. Elspa ndiye aliyepanda mlima, akakaa juu ya mpaka miezi minane akiandika kwa uaminifu joto la mahali alipowekwa.

"Nimekosea sana?" Hanus akauliza.

"Maili moja na nusu, mjomba."

Alinyoosha mkono kuelekea ule mwanga kati ya Viðoy na Fugloy, akauziba kwa kidole chake kimoja cha shahada. "Kidole," akasema. "Kosa lote ni upana wa kidole hiki hapa." Aliendelea kukitazama kidole hicho kana kwamba si chake, kisha akageuka upande wa pili akawa anatazama maji. Durita alikunja waya wa kipimajoto. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa mapenzi tu. Alimpenda mzee huyu kwa kumshusha Elspa miguu ikitangulia.

Wakati wa kurudi walikula mkate na nyama kavu ya kondoo, na Durita akamweleza. Vipimo havijafa. Vya kabla ya tarehe kumi na mbili ni vya kweli mahali pake, vya baada yake ni vya kweli mahali pengine, na kwa kuwa sasa siku, saa na mahali vinajulikana, vinaweza kutenganishwa kama mayai mazima na yaliyovunjika. Kilichokufa ni habari kubwa. Pengine na kikao cha Bergen. Watasema kumbe ndivyo namba zinavyorukaruka, fremu zinatembea.

"Basi uniache nikawaambie mimi," Hanus akasema.

"Wavuvi kwanza," Durita akamjibu. "Tuliahidi."

Eyðálvur alipoambiwa aliuliza kama ni lazima, kisha akaona aibu kwa kuuliza. Jumatano, siku tatu kabla ya safari, manahodha waliitwa tena Klaksvík. Walikuja wote kwa sababu haijapata kutokea waitwe mara mbili. Kahawa ilikuwepo. Keki hakupata muda wa kuoka, na hilo peke yake liliwatia wasiwasi.

Durita hakuwazungusha. Habari niliyowapa si kweli, akawaambia. Maji hayakupanda joto, fremu ilihamishwa. Akaweka ukutani mchoro mpya, ambao mstari wake wa juu ulikatwa na kuandikwa mahali pengine, na kilichobaki kilikuwa kupanda kidogo mno, kiasi ambacho hawezi hata kukiapia. Akasema kosa ni lake. Aliona dalili tatu akazifuta, kwa sababu alipenda jibu kabla ya kulikagua.

"Na nani aliihamisha?" Sámal akauliza.

"Hilo halimo kwenye vipimo vyangu."

Nyuma, karibu na makoti, kiti kilisogea. Hanus alisimama, kofia mkononi. Alizungumza kama anayesoma hali ya hewa redioni, bila kupamba: skrini ilikufa, nikavua kwa milima, nikaingia kwenye kiduara cha mpwa wangu, nikaitoa fremu, nikairudisha kwa alama za baba. Nikakosea maili moja na nusu. Nikaficha kwa aibu. "Mwenye kucheka acheke sasa," akamalizia, "nikae nikinywa kahawa yangu."

Hakuna aliyecheka. Durita alimtazama mjomba wake akiwa amesimama peke yake kati ya watu aliovua nao nusu karne, na moyo ukamuuma kwamba alimwacha afanye hivyo. Wote walimgeukia Sámal, maana utani kama huu alipewa na Mungu mwenyewe: Hanus na milima yake. Sámal akafungua mdomo, akaufunga. Akavuta pua.

"Marin," akasema hatimaye.

"Nini?" Durita akauliza.

"Ile ya magharibi, iliyoandikwa Marin. Na mimi niliitoa." Alikuwa anaongea na kikombe chake. "Mwaka 2004. Wavu ulikuwa mpya, ukaishika ukingoni. Nikairudisha pale pale. Nilidhani pale pale."

Mwaka 2004. Durita alishika ukingo wa meza. Kabla hajasema neno, mzee Bergur wa Viðareiði, ambaye katika miaka ishirini na saba ya vikao hivi hajawahi kuuliza swali hata moja, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Sigga," akasema. "2011. Mimi niliipeleka chini zaidi, kusudi. Nilitaka iwe salama, wavu usiifikie tena."

Ndivyo zilivyorukaruka. Miaka yote hiyo alikesha na namba hizo, akazisingizia upepo, akazisingizia mkondo, akajisingizia mwenyewe. Kumbe majibu yalikuwa yamekaa mbele yake kila Septemba, yamevaa sweta, yanakula keki yake kwa aibu na kutokuwa na ujasiri wa kumtazama usoni. Machozi yalimlenga, na hakujua mara moja kama anataka kuwapiga au kuwakumbatia.

Alivuta kiti akakaa, safari hii katikati yao, si mbele yao. Mjomba wake alikuwa bado amesimama. Akamshika mkono wa koti akamkalisha kando yake. Kisha akafungua ukurasa mweupe.

"Siku gani, Sámal?" akauliza.

Sámal aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa daftari lililovimba kwa maji ya miaka mingi, akalamba kidole, akaanza kufunua kurasa mbele ya wenzake wote.

"Tarehe tatu Machi," akasema. "Saa nne asubuhi. Kulikuwa na ukungu kidogo, lakini milima ilionekana."